U Mbili

Alishuka Usoke na treni ya alfajiri,
begi mgongoni, begi kifuani,
na boksi alilolikumbatia kama trei ya mayai.
Tuuli, alisema. Sisi tukasikia tuli:
kaa tuli, maji tuli.
Kwao, akacheka, maana yake ni upepo.

Mkuu wa shule alimpa stoo ya mbolea.
Tulifagia wiki nzima; harufu ya tumbaku ikagoma kutoka,
akawa anafundisha kwa chafya.
Kompyuta kumi na mbili, kuukuu za ofisi fulani ya huko,
vibonye vingine vina herufi zilizobeba nukta mbili kichwani.
Hatukuwa na neno hata moja la kuzitumia.

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Nilikaa nyuma na kidato cha pili, magoti yakigonga meza,
nikajifunza kushika kipanya bila kukikaba.

Salamu alijua moja tu: mwangaluka.
Aliitoa asubuhi, akaitoa saa saba mchana,
akaitoa jioni mama Nyanzala akianua udaga,
akaitoa hata msibani kwa mzee Kapela,
tukainama, mabega yakitutikisika.
Tena aliivuta katikati
kama anayevuta ndoo ya kisima kirefu.
Mihambo wa kidato cha tatu alimwigiza nyuma ya vyoo
kwa malipo ya karanga.

Machi simu ikaja: baba yake.
Aliondoka usiku uleule. Hata ubao hakufuta.

Jumatatu mashine ziliwaka zote kumi na mbili,
zikatuuliza neno moja, zote kumi na mbili.

Tulijaribu jina lake. Tulijaribu Usoke.
Tulijaribu upepo. Tulijaribu asali, maana aliila kwa kijiko.
Tulijaribu mwangaluka, tukashangilia mapema.
Ikakataa.
Namba yake ya hapa haipatikani,
alisema yule dada mpole wa simu.
Fundi wa Tabora mjini alitaka pesa ya madawati sita
ili afute kila kitu.

Nilikasirika, nakiri. Nikasema ofisini:
watu hawa huja na mlango, huondoka na ufunguo.
Wenzangu wakaguna kukubali.
Ilikuwa sentensi tamu. Niliirudia siku mbili.

Siku ya tatu Mihambo aliomba ruhusa, akaketi,
akafumba macho, akamwigiza.
Safari hii hakuna aliyecheka.
Mwangaluuuka.
Akaandika kwa kidole kimoja, polepole,
u mbili, kama za jina lake.

Ikafunguka.

Neno lilikuwa letu,
ila lilitaka kosa lake.
Sisi tuliolitamka sawasawa
ndio tuliofungiwa nje.

Ndani tulikuta majina yetu kwenye jedwali,
Nyamizi kakosewa, Msabila kakosewa mara mbili,
na somo la kumi na nne, la Jumatatu ileile:
Jinsi ya kubadilisha nywila.

Tulijifundisha wenyewe.
Ilichukua alasiri nzima na ugomvi mmoja.

Barua yake ilifika Mei.
Ardhi ilikuwa imeganda, aliandika;
ilibidi waipashe moto kwanza ndipo wachimbe.
Nimefundisha theluji miaka tisa kwa chaki nyeupe,
urefu wake, latitudo zake.
Kaburi sikuwahi kulifikiria.

Mashine kumi na moja zina neno jipya.
Ile ya dirishani hatukuigusa.
Umeme ukirudi saa tatu usiku
huenda na tochi kuingiza alama za mtihani,
giza limekaa tuli juu ya mabani ya tumbaku,
nami naiamkia mashine asubuhi,
u mbili,
nayo inaitika.